Trela Ikibadilisha Gari: Hakikisha Taa na Kiungo Vinalingana Kabla ya Kuingia Barabarani

Msimu wa mavuno umefika Trans Nzoia. Kati ya Oktoba na Desemba mahindi hutolewa mashambani Kwanza, Endebess, Saboti, Kiminini na Cherangany yakielekea nyumbani, kwenye mashine za kupukuchua, sokoni na katika maghala ya Bodi ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao (NCPB) mjini Kitale. Katika miezi hii trela hazipumziki. Trela moja hukodishwa na majirani watatu au wanne kwa wiki moja. Leo inavutwa na trekta, kesho kutwa na pikapu, na mwisho wa wiki inafungwa nyuma ya lori.

Hapo ndipo tatizo linapoanzia. Trela iliyowaka taa vizuri ikiwa nyuma ya trekta inaweza kuwa giza totoro ikifungwa kwenye lori. Kiungo kilichoshika imara kwenye gari moja kinaweza kuchomoka kwenye gari jingine, hata kama kwa macho kinaonekana kimekaa sawa. Huku kwetu jua huzama mwendo wa saa kumi na mbili na nusu jioni mwaka mzima, na giza huingia haraka. Mwendeshaji bodaboda anayekwenda kilomita 60 kwa saa hukata karibu mita 17 kila sekunde. Akikuta mbele yake trela iliyojaa magunia bila taa wala vioo vya kuakisi mwanga, huenda asipate nafasi ya kushika breki.

Makala hii inaeleza mambo ambayo mwenye trela, mwenye gari na fundi wanapaswa kukagua kila trela inapohamishwa kutoka gari moja hadi jingine. Kazi yenyewe haichukui muda mrefu, na vifaa vingi vinavyohitajika vinapatikana katika maduka ya vipuri na kwa mafundi wa umeme wa magari.

Anza na volti

Swali la kwanza si rangi za waya wala umbo la plagi. Ni hili: gari linalovuta lina umeme wa volti ngapi?

Pikapu, magari madogo na trekta nyingi za shambani hutumia volti 12. Malori mengi hutumia volti 24. Njia rahisi ya kutambua ni kuangalia betri. Lori la volti 24 kwa kawaida huwa na betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kwa mfululizo, yaani chanya ya moja imefungwa kwenye hasi ya nyingine. Lakini kuwepo kwa betri mbili pekee hakutoshi kuwa ushahidi, kwa sababu yako magari ya volti 12 yenye betri mbili pia. Mwombe fundi apime kwa mita. Kisha fungua taa ya trela na usome maandishi yaliyo kwenye kitako cha balbu: kwa kawaida huandikwa 12V au 24V, pamoja na wati zake.

Balbu ya volti 12 ikipata umeme wa volti 24 huungua papo hapo au baada ya muda mfupi. Hilo angalau utaliona. Hatari zaidi ni kinyume chake. Balbu ya volti 24 ikipewa volti 12 haiungui. Huwaka, lakini mwanga wake hushuka hadi karibu sehemu moja ya kumi ya ule uliokusudiwa. Ukiijaribu ukiwa ndani ya gereji yenye kivuli utasema taa inafanya kazi. Barabarani, kwa dereva aliye nyuma yako jua likiwa linatua, taa hiyo ni kama haipo.

Zipo njia mbili salama za kuvuta trela ya volti 12 kwa lori la volti 24. Ya kwanza ni kufunga kifaa cha kupunguza volti kutoka 24 hadi 12, chenye uwezo wa kubeba taa zote za trela zikiwaka kwa pamoja. Ya pili, ambayo huwa rahisi zaidi kwa trela inayokodishwa huku na kule, ni kubadilisha taa za trela ziwe za LED zinazokubali volti 10 hadi 30. Taa za aina hii zinaweza kutumika kwenye trekta, pikapu na lori bila kubadilisha balbu.

Ipo njia ya tatu inayotumiwa na baadhi ya watu, nayo haifai: kuchukua umeme wa volti 12 kutoka kwa betri moja kati ya mbili za lori. Betri hiyo hutumika zaidi kuliko mwenzake. Altaneta huzichaji zote mbili kana kwamba ziko sawa, kwa hivyo moja hubaki na chaji pungufu na nyingine huzidishiwa. Baada ya muda utanunua betri mbili kwa sababu ya kutaka kuwasha taa za trela.

Pini saba, mipango miwili

Plagi ya trela iliyoenea zaidi ina pini saba. Kwa kuwa plagi ya volti 12 na ile ya volti 24 hufanana kwa ukubwa na umbo la nje, wengi hudhani kwamba zimefungwa waya kwa mpango mmoja. Sivyo. Ukitazama ndani ya soketi utaona nambari ndogo kando ya kila pini. Kwa mpango wa kimataifa, kazi za pini hizo ni kama ifuatavyo.

Soketi ya volti 12:
Pini ya 1: indiketa ya kushoto (waya wa manjano)
Pini ya 2: taa ya ukungu ya nyuma (bluu)
Pini ya 3: waya wa ardhi (nyeupe)
Pini ya 4: indiketa ya kulia (kijani)
Pini ya 5: taa ndogo ya nyuma, kulia (kahawia)
Pini ya 6: taa za breki (nyekundu)
Pini ya 7: taa ndogo ya nyuma, kushoto (nyeusi)

Soketi ya volti 24:
Pini ya 1: waya wa ardhi (nyeupe)
Pini ya 2: taa ndogo ya nyuma, kushoto (nyeusi)
Pini ya 3: indiketa ya kushoto (manjano)
Pini ya 4: taa za breki (nyekundu)
Pini ya 5: indiketa ya kulia (kijani)
Pini ya 6: taa ndogo ya nyuma, kulia (kahawia)
Pini ya 7: matumizi ya ziada (bluu)

Linganisha pini ya 3 katika mipango hii miwili. Kwenye volti 12 ni waya wa ardhi, na kwenye volti 24 ni indiketa ya kushoto. Trela iliyofungwa waya kwa mpango mmoja ikiunganishwa na gari lililofungwa kwa mpango mwingine, taa zitawaka ovyo: ukikanyaga breki inawaka indiketa, ukiwasha indiketa fyuzi inakatika, au taa zote zinawaka kwa mwanga hafifu. Dereva aliye nyuma hupata ujumbe wa uongo, na ujumbe wa uongo unaweza kuleta ajali kama vile kukosa ujumbe kabisa.

Rangi zilizotajwa hapo juu ni za kukuongoza tu. Trela nyingi zimeshakarabatiwa mara kadhaa kwa waya wowote uliopatikana siku hiyo. Usiunganishe waya kwa kufuata rangi pekee. Fundi apime kila pini kwa taa ya majaribio au mita huku mtu mwingine akiwasha taa moja moja ndani ya gari, kisha aandike kwenye karatasi kila waya unafanya kazi gani. Karatasi hiyo ifungwe kwa plastiki na kuhifadhiwa na mwenye trela. Itamsaidia kila fundi atakayefuata.

Baadhi ya magari, hasa yaliyotoka Ulaya, yana soketi ya pini 13. Pini nane za kwanza hubeba taa za kawaida pamoja na taa ya kurudi nyuma, na zilizobaki ni za umeme wa ziada. Kipo kiunganishi cha kubadilisha kutoka pini 13 hadi 7, na ni salama kukitumia. Kumbuka tu kwamba kiunganishi hubadilisha umbo la plagi. Hakibadilishi volti, isipokuwa kiwe kimetengenezwa mahususi kwa kazi hiyo na kuandikwa hivyo.

Trela zilizotengenezwa kwa soko la Marekani zina utata wa aina yake. Nyingi zina waya nne tu: nyeupe ni ardhi, kahawia ni taa ndogo, manjano ni upande wa kushoto na kijani ni upande wa kulia. Waya wa breki peke yake haupo, kwa kuwa balbu ile ile nyekundu hutumika kama taa ya breki na kama indiketa. Gari la kwetu hutenganisha kazi hizo mbili. Ukiunganisha waya moja kwa moja, utapata indiketa bila breki au breki bila indiketa. Suluhisho ni kifaa cha kuunganisha ishara hizo, au kufunga taa mpya zenye indiketa yake ya rangi ya chungwa.

Waya wa ardhi ndio chanzo cha matatizo mengi

Umeme unaokwenda kwenye taa lazima urudi kwenye betri. Njia ya kurudia ndiyo inayoitwa ardhi. Kila taa ya trela ina waya wake wa kwenda, lakini zote hurudi kwa waya mmoja. Chukua trela ya kawaida ya volti 12 usiku: taa ndogo mbili na ya nambari, wati 5 kila moja, taa mbili za breki, wati 21 kila moja, na indiketa moja ya wati 21. Jumla ni wati 78, sawa na ampea 6.5, na zote hupita katika waya mmoja wa ardhi.

Ndiyo maana waya wa ardhi unapaswa kuwa mnene kuliko zile nyingine. Waya za taa ziwe za milimita mraba 1.5, na wa ardhi uwe wa milimita mraba 2.5. Uanzie kwenye pini yake ndani ya plagi, uende hadi kwenye kila taa. Kutegemea kiungo cha chuma kurudisha umeme ni makosa, kwani kiungo hupakwa grisi, hushika kutu na hutikisika. Taa zinazopata ardhi kupitia kiungo huwaka na kuzimika kila gurudumu linapopiga shimo.

Dalili za ardhi mbovu ni rahisi kutambua. Ukikanyaga breki, taa ndogo hufifia. Ukiwasha indiketa ya kushoto, ya kulia nayo humemeta. Taa moja moja zikijaribiwa huwaka vizuri, lakini zikiwashwa zote pamoja huchanganyikiwa. Kabla ya kununua balbu mpya au kubadilisha fyuzi, safisha mahali waya wa ardhi umefungwa hadi chuma king'ae, kaza bolti, kisha jaribu tena.

Mahali waya zinapounganishwa pia huhitaji uangalifu. Waya zilizosokotwa kwa mkono na kufungwa kwa selotepu hupata maji msimu wa mvua, na shaba yake hugeuka kijani. Waya ziunganishwe kwa kulehemu kwa risasi au kwa kibano cha chuma, kisha zifunikwe kwa mrija wa plastiki unaobana ukipashwa moto. Waya zipitishwe ndani ya bomba au zifungwe kwenye fremu, zisining'inie karibu na gurudumu wala kuburuta chini.

Trekta za zamani na pikapu mpya

Trekta nyingi za zamani zina kidude cha kumemetesha indiketa, ambacho mafundi hukiita fulasha, kilichotengenezwa kuhudumia balbu za trekta pekee. Ukiongeza balbu za trela, indiketa huweza kukimbia kupita kiasi au kubaki zikiwaka bila kumemeta. Badilisha fulasha kwa ile iliyoandikwa kuwa inafaa trela. Ikiwa gari linatumia fulasha ya zamani na taa ni za LED, zinazotumia umeme kidogo sana, indiketa huweza pia kukimbia kana kwamba balbu imeungua. Ipo fulasha ya elektroniki kwa kazi hiyo.

Katika pikapu mpya hali ni tofauti. Taa husimamiwa na kompyuta inayopima umeme wa kila balbu. Ukikata waya wa taa ya nyuma na kuunganisha trela hapo, kompyuta inaweza kudhani kuna hitilafu, ikazima taa au ikaharibika, na kuibadilisha ni gharama kubwa. Gari la aina hii lifungwe kifaa maalum cha trela, ambacho husoma ishara za taa za gari kisha huchukua umeme wa trela moja kwa moja kutoka kwenye betri kupitia fyuzi yake. Mwulize fundi kabla hajashika koleo: je, utakata waya wa gari, au utafunga kifaa cha trela?

Kwa trela za shambani zisizo na taa kabisa, lipo suluhisho la bei nafuu: ubao wa taa. Huu ni ubao au upau wenye taa za pande zote mbili, vioo vyekundu vya kuakisi mwanga na nafasi ya nambari ya usajili. Hufungwa nyuma ya trela na kuunganishwa na gari kwa kebo ndefu yenye plagi. Kazi ikiisha, ubao hufunguliwa na kuwekwa stoo, mbali na matope na panya. Kikundi cha wakulima kinaweza kununua ubao mmoja wa LED wa volti 10 hadi 30 na kuutumia kwa trela zote za wanachama.

Kiungo: tofauti ya milimita chache

Trela ndogo zinazovutwa na pikapu hushika kwa kikombe cha chuma kinachokaa juu ya tufe la chuma lililo nyuma ya gari. Matufe haya hayalingani yote. Yapo ya milimita 50, ya inchi 1⅞ ambayo ni milimita 47.6, ya inchi 2 ambayo ni milimita 50.8, na ya inchi 2 5/16 ambayo ni milimita 58.7. Kipimo mara nyingi kimechapishwa juu ya tufe, na kwenye kikombe pia.

Kikombe cha inchi 2 kikiwekwa juu ya tufe la inchi 1⅞ kitafunga, na mtazamaji ataona kila kitu kiko sawa. Lakini kuna nafasi ya zaidi ya milimita 3. Gari likipita kwenye tuta au shimo, kikombe huruka na trela huachwa ikienda peke yake. Tufe nalo huisha kwa kusuguana. Tufe la milimita 50 likipimwa na kukutwa limepungua chini ya milimita 49, libadilishwe.

Kipo kipimo rahisi ambacho kila dereva anaweza kukifanya. Ukishafunga kikombe na kuweka pini yake ya usalama, tumia jeki ya mbele ya trela kuinua kiungo hadi sehemu ya nyuma ya gari ianze kuinuka nayo. Kikombe kikishikilia, kimefunga. Kikichomoka, ni heri kimechomoka hapo uani kuliko kwenye mteremko.

Trekta na malori hutumia njia nyingine. Trela ya shambani huwa na pete ya chuma mbele, inayoingia kwenye ndoano au kushikwa kwa pini. Trela za malori zina pete za milimita 40 au 50. Pete ya milimita 50 ikiingizwa kwenye pini ya milimita 40 hubaki na nafasi ya sentimita moja. Kila ukishika breki trela hugonga lori kwa nyuma, na kila ukiondoka huvuta kwa kishindo. Mgongano huo ukirudiwa siku nzima hupasua chuma.

Jambo linaloonekana mara kwa mara ni pini iliyotengenezwa kwa kipande cha nondo. Nondo ni chuma cha ujenzi. Haina kichwa cha kuizuia isipite, haina tundu la kufungia kibanio, na hupinda. Tumia pini halisi yenye ukubwa unaolingana na tundu. Iingizwe kutoka juu kwenda chini, kisha ifungwe kwa kibanio ili isiruke barabara ikiwa mbovu.

Kila trela iwe pia na mnyororo wa usalama, na ukiwa na miwili ipishane kama msalaba chini ya mkono wa trela. Kiungo kikikatika, mkono huangukia kwenye minyororo badala ya kuchimba lami. Minyororo iwe na urefu wa kutosha kupinda kona, lakini isiburute chini.

Trekta inaweza, pikapu je?

Taa na kiungo vikilingana bado kuna swali la uzito. Trekta imetengenezwa kuvuta mzigo mzito kwa mwendo wa polepole. Pikapu huenda kasi na ni nyepesi zaidi. Pikapu nyingi huruhusiwa na mtengenezaji kuvuta trela isiyo na breki zake yenye uzito usiozidi kilo 750, trela na mzigo kwa pamoja. Angalia kitabu cha gari lako kwa kipimo chake kamili.

Tupige hesabu. Trela ikiwa na kilo 300 yenyewe, kinachobaki ni kilo 450. Hayo ni magunia matano ya kilo 90. Trela hiyo hiyo nyuma ya trekta ilibeba magunia mengi zaidi, na mwenye pikapu hushawishika kupakia sawa na jirani yake. Akiteremka mlima, trela humsukuma na breki za pikapu hushindwa.

Mzigo upangwe ili mkono wa trela uelemee gari kidogo, kwa asilimia 5 hadi 10 ya uzito wote wa trela na mzigo. Kwa trela ya kilo 750 hiyo ni takriban kilo 38 hadi 75, mradi isizidi kipimo cha gari lako. Mzigo ukirundikwa nyuma, trela huinua nyuma ya gari na kuanza kuyumba kushoto na kulia. Trela pia ikae sambamba na ardhi. Ikielekea juu kwa sababu kiungo cha gari kiko juu kuliko cha trekta, uzito hurudi nyuma na yumbayumba huanza.

Sheria inasemaje?

Chini ya Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, trela ni chombo kinachojitegemea na husajiliwa kivyake. Ndiyo maana nambari zake za usajili huanza na herufi Z, tofauti na nambari za gari linaloivuta. Masuala ya usajili na ukaguzi hushughulikiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA). Leseni ya dereva nayo iwe ya daraja linaloruhusu gari analoendesha.

Aliye kwenye usukani ndiye anayesimamishwa barabarani kwanza. Kwa hivyo, unapokodisha trela usikubali kauli ya "jana ilikuwa inawaka." Jana ilikuwa nyuma ya gari jingine. Mwenye trela naye asiitoe kabla ya kuuliza itavutwa na gari la aina gani na la volti ngapi.

Ukaguzi wa dakika kumi

Fanyeni ukaguzi huu mkiwa wawili, mmoja ndani ya gari na mwingine nyuma ya trela, kila mara trela inapobadilisha gari.

1. Thibitisha volti za gari na za taa za trela.
2. Soma kipimo cha tufe na kikombe, au pima pete na pini. Funga, weka kibanio, kisha inua kwa jeki kujaribu.
3. Funga minyororo ya usalama.
4. Chomeka plagi. Acha waya wenye ulegevu wa kutosha kupinda kona pande zote mbili.
5. Washa taa ndogo. Aliye nyuma athibitishe za kushoto, za kulia na ya nambari.
6. Kanyaga breki. Taa ziongezeke mwanga pande zote mbili kwa usawa.
7. Washa indiketa ya kushoto, kisha ya kulia. Hakikisha upande unaomemeta ndio uliokusudiwa.
8. Sasa washa taa ndogo, breki na indiketa kwa pamoja. Hapa ndipo ardhi mbovu hujitokeza.
9. Rudi nyuma hatua 30 na uangalie. Taa zionekane wazi hata mchana. Magunia, mabua au turubai visizifunike.
10. Futa vumbi kwenye taa na vioo vya kuakisi: vyekundu nyuma, vyeupe mbele.
11. Kwa trekta, zima taa nyeupe ya kazi inayomulika nyuma kabla ya kuingia barabarani. Humpofusha anayekufuata na kuficha taa za trela.
12. Beba balbu na fyuzi za akiba pamoja na pembetatu za tahadhari.

Baada ya kilomita chache za kwanza, simama mahali salama na uguse kiungo, pini na plagi tena. Taa zikizimika usiku ukiwa njiani, toka kabisa barabarani, weka pembetatu mbali nyuma ya trela na usiendelee na safari kabla ya kurekebisha. Kuwasha indiketa za gari la mbele hakusaidii wakati mzigo umezifunika.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Balbu, pini na waya wa ardhi ni vitu vya bei ndogo. Tunawahimiza wakulima, wenye matrekta, madereva na vikundi vya kukodisha mashine kufanya ukaguzi huu sasa, kabla kilele cha mavuno hakijafika na kila mtu kuwa na haraka ya kuwahi foleni ghalani. Trela ambayo haijafaulu ukaguzi ibaki uani hadi fundi aimalize, na safari ya jioni iahirishwe hadi asubuhi.